Malafyale Asiyechezeka

Jioni moja mjini Kyela, umeme umekatika na mvua imetukusanya barazani, mpwa wangu alikuwa ameinamia simu yake. Kwa vijana wengi wa hapa gemu maana yake ni mpira, lakini yeye anapenda michezo ya mkakati: unapewa mji mdogo, ramani iliyofunikwa ukungu, na kazi ya kuikuza himaya. Alituma mpelelezi, ukungu ukafunguka, kikatokeza kijiji cha vibanda vya nyasi. Akakigusa kwa kidole. Kijiji kikatoa dhahabu, kisha kikatoweka.

"Wale watu wamekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Watu gani, mjomba? Hiyo ni zawadi."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Lakini mvua ya Kyela haina haraka, na ilinipa muda wa kulitafuta.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuanzia mlangoni, kwa sababu kwenye mlango wa mojawapo ya michezo mikubwa ya aina hii wanaimba Kiswahili. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia, "Baba Yetu", ni Sala ya Bwana iliyotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, na ukawa wa kwanza kutoka kwenye gemu kuipata. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Ila ukishapita mlango na kuingia ndani, unakuta mataifa 18 ya kuchagua, na ya Afrika ni mawili: Misri na Mali. Mswahili hayumo. Alialikwa kuimba harusini, kwenye orodha ya chakula hakuandikwa.

Katika toleo la sita, la 2016, tulisogezwa mbele kidogo. Zanzibar imo, si kama taifa la kuchezwa bali kama mji mdogo wa pembeni. Mkubwa anayeuweka chini ya ulezi wake anapata karafuu na mdalasini, na huo ndio umuhimu wake. Kyela haijafikiriwa bado. Siku ikifikiriwa, bila shaka itakuwa mji wa kutoa mchele, na nusu ya mchele huo utakuwa umelimwa wilaya nyingine, kama ilivyo sokoni Dar es Salaam.

Watu wakizungumzia ubaguzi katika magemu, kwanza wanaitazama sura ya wahusika. Hapo ushahidi ni mwingi, wala hauhitaji darubini. Katika Warcraft III ya mwaka 2002, jamii ya viumbe wanaoitwa matroli inazungumza kwa lafudhi ya Jamaika, na jeshini inatoa wakata vichwa na waganga wa kienyeji. Katika mfululizo wa Dominions, kazi ya kampuni ndogo ya Uswidi iitwayo Illwinter, lipo taifa la kinjozi lililochongwa kwa sura ya Afrika, mashuhuri kwa wachawi na kwa wapiganaji wanaopanda buibui wakubwa. Jina lake ni Machaka. Kwa Kiswahili hivyo ni vichaka vilivyoshonana, yaani, hata jina limekwenda moja kwa moja porini.

Watunzi hawa hawakuanza wao. Mganga wa kutisha, mkata vichwa na kabila lililojificha bondeni likiabudu kitu chenye miguu mingi ni wahusika waliotoka kwenye vitabu vya wasafiri na riwaya za vituko za karne ya 19, wakahamia sinema, kisha ubao wa mezani, mwisho kompyuta. Njozi ina faida moja kubwa: ukimchora Mwafrika hivyo utaulizwa, ukimpaka rangi ya kijani na kumwekea pembe hakuna wa kukuuliza.

Hata hivyo, sura ndiyo sehemu nyepesi ya kesi. Sura hufutwa, ikachorwa nyingine kwa wiki chache. Kigumu kufuta ni kanuni.

Mwaka 1993 mwandishi wa Marekani, Alan Emrich, alizitaja kazi nne za mchezaji wa michezo hii, na aina nzima ikabaki na jina hilo hadi leo. Kwa Kiswahili ni hizi: kupeleleza, kujitanua, kunyonya, kuangamiza. Emrich alikuwa anausifu mchezo. Mtu aliyesoma Siasa katika shule ya msingi ya Tanzania miaka ya sabini angedhani anasomewa mashitaka.

Zitazame kanuni hizo moja moja. Ramani huanza na giza, na giza hilo huondoka pale tu mtu wako anapofika; waliokuwa wakiishi humo hawakuwa na macho. Ardhi ambayo hujaiwekea mji haina mwenyewe. Vijiji vidogo, kama kile cha mpwa wangu, vipo ili vikupe kitu na kuondoka. Katika Civilization VI vinaitwa kabisa vijiji vya makabila, na vikishatoa zawadi yake vinafutika. Anayebaki nje ya himaya bila kutoa chochote anaitwa barbarian, neno ambalo Wagiriki walilitumia kwa kila asiyesema Kigiriki. Kuwaua watu hao hakuvunji mkataba wala hakuleti lawama, kwa sababu hawana serikali ya kuandikiana nayo mkataba.

Hapa Mswahili asicheke kwa sauti kubwa. Sisi tuna letu: mshenzi. Pwani ya karne ya 19 ililitumia kwa watu wa bara kwa jumla, na mwambao wa Nyasa ulikuwa bara ya mbali. Neno ustaarabu lenyewe linaonyesha waziwazi limetoka kwa nani. Kanuni ya kugawa watu kati ya wenye miji na wa porini haikuletwa yote kwa meli ya Mjerumani. Nyingine ilikuja kwa miguu, na msafara wa pembe.

Kwa nini basi nizungumzie Kyela, mahali ambapo hakuna hata kampuni moja kubwa ya magemu? Kwa sababu mchezo huu ulishachezwa hapa, na sisi tulikuwa kijiji.

Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alifika huku kwetu, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akasifu migomba na usafi wa vijiji. Ukungu ukawa umefunguka. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ukaiachia Uingereza Zanzibar, na mpaka ukachorwa kwenye Ziwa Nyasa na Mto Songwe. Waliokuwa wakivua Matema siku hiyo hawakuambiwa. Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa aina mbili, Wamoraviani na wale wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, wakagawana nchi kwa amani ili wasigombanie roho. Mwaka 1893 ikashushwa ziwani meli ya Hermann von Wissmann, iliyokuja vipande vipande kutoka Ulaya kupitia Zambezi na Shire. Mchezaji wa kompyuta ataitambua hatua hiyo mara moja: umefungua teknolojia mpya, sasa jenga bandari.

Meli hiyo ndiyo iliyotupa tukio ambalo mtunzi wa gemu angeliogopa kwa kuona halitaaminika. Tarehe 13 Agosti 1914, nahodha Mwingereza Rhoades alifika na meli ya Gwendolen huko Liuli, upande wa mashariki wa ziwa, akaipiga kwa mzinga Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa glasi, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Inasimuliwa kwamba alimuuliza mwenzake kama amelewa. London ikalisoma tukio hilo kama ushindi wa majini. Wenyeji wa pwani zote mbili hawakuulizwa wako upande gani, ingawa mwezi uliofuata, katika mapigano ya Karonga, walikufa kwa pande zote.

Mchezo huo haujafungwa mpaka leo. Malawi inausoma mkataba wa 1890 hivi: mpaka unapita ufukweni, kwa hiyo maji yote ni yake. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Mgogoro ukapamba moto mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, hata ikabidi aitwe Rais mstaafu wa Msumbiji, Joaquim Chissano, kusuluhisha. Kwa ramani ya Lilongwe, mtoto wa Matema anayekwenda kuoga anavuka mpaka wa kimataifa akiwa na sabuni tu. Na Songwe, ambao wachoraji waliuona kama mstari uliotulia, hubadili njia yake kila mafuriko makubwa yanapokuja. Mkulima analala Tanzania, shamba lake linaamkia ng'ambo.

Katika magemu kila taifa huzaliwa na sifa yake: hili hodari kwa farasi, lile kwa biashara, lile kwa uchawi. Jedwali la namna hiyo nalo tulichorewa. Wajerumani walituita Wakonde. Jina la Wanyakyusa lilikuwa la watu wa sehemu moja tu ya nchi hii. Likatandazwa wakati wa Waingereza juu ya Wakukwe, watu wa Selya na majirani zao, kwa sababu utawala uliotegemea wenyeji, chini ya sheria ya mwaka 1926 ya Gavana Donald Cameron, ulihitaji makabila yenye majina na wakubwa wa kuandikiwa barua. Kisha kila kabila likapewa tabia: hawa wachapa kazi, hawa wavivu, hawa wakorofi. Hesabu zilizokuwa za bwana shauri leo tunazisoma wenyewe kwenye basi la Mbeya, kwamba Mnyakyusa ni mbishi. Ukikataa, umethibitisha.

Kuna tofauti hapa, na utani ndio unaoionyesha. Utani wa makabila una njia mbili: unachekwa na unacheka, na siku ya msiba mtani wako ndiye anayekuja kushika jembe. Jedwali la gemu lina njia moja. Linakwambia mtu ni nani kabla hajafungua mdomo, wala haliji mazikoni.

Je, mchezo ukitungwa kwa heshima, na wataalamu wakaitwa, tatizo halitakwisha? Tujaribu na Kyela. Tuseme mtunzi ana nia njema na amesoma kitabu bora kinachopatikana. Atakutana na Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938. Kitabu chake, Good Company, kilitoka 1951. Humo mtunzi atasoma kwamba watoto wa kiume, wakifika miaka kumi hivi, walianza kujenga vijumba vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walikaa na wenzao wa rika moja, wakala kwa zamu kwa mama wa kila mmoja wao, wakaja kuoa na kuzeekea humo humo. Kijiji hakikuwa cha ukoo, kilikuwa cha rika. Lengo lake lilikuwa na jina: ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa uchangamfu, mazungumzo na chakula.

Atasoma pia juu ya ubusoka. Wana wa malafyale, yaani mtawala, na rika lao wakishakomaa, wazee waliwaachia nchi. Mioto ya zamani ilizimwa, mpya ukapekechwa, na nchi ikagawanywa mara mbili kati ya warithi wawili wakubwa. Yaani malafyale aliyefanikiwa aliacha dola mbili ndogo badala ya moja kubwa. Juu yake kulikuwa na pumzi ya watu, imbepo sya bandu: manung'uniko ya wanakijiji, ambayo iliaminika kuwa yanaweza kumletea ugonjwa hata mtawala mwenyewe. Kuhusu Lwembe, mkubwa wa tambiko wa Lubaga, masimulizi aliyoyaandika Wilson yanasema waliostahili cheo hicho walikikimbia, kwa sababu aliyekipata hakuachwa afe kifo chake.

Sasa mpe mtunzi wetu mwema kazi ya kuyageuza haya kuwa gemu. Atachukua nini? Lwembe atachukuliwa siku ya kwanza, na atapewa moshi na ngoma. Migomba itachorwa vizuri. Lakini mtawala anayegawanya nchi yake kwa makusudi na kuondoka, cheo ambacho wanaostahili wanakikimbia, kijiji ambacho faida yake ni maongezi, manung'uniko yanayomuuguza mfalme, yote haya hayana mahali pa kukaa. Katika mchezo unaohesabu ardhi, miji na maiti, malafyale wa ubusoka ni mchezaji aliyeshindwa. Hachezeki.

Nisidanganye kwamba picha ya Wilson ni safi. Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu watawala wa Unyakyusa, alihoji utaratibu huo na kuonyesha kwamba mambo hayakuwa yamenyooka kama kanuni zinavyosema. Malafyale walipigana, waliibiana ng'ombe, na wengine walipenda ukubwa kama mtu yeyote anavyoupenda. Sitafuti kijiji cha malaika. Ninachosema ni kwamba walikuwa na hesabu nyingine ya ushindi, na hiyo ndiyo inayopotea.

Wengine wameliona hili kabla yangu. Mwaka 2018 Civilization VI ilimwingiza Poundmaker, kiongozi wa Wakrii wa Kanada, kwa mavazi na muziki uliotengenezwa kwa uangalifu. Milton Tootoosis, kiongozi katika jamii hiyo hiyo, alilalamika kwamba mchezo unaonyesha kana kwamba watu wake nao walikuwa na shauku ya kuteka nchi za wengine, jambo lisilo lao. Poundmaker alipewa mavazi sahihi ndani ya kanuni isiyo sahihi. Mwaka 2020, toleo jipya la Age of Empires III liliondoa jina la "zama za ukoloni" likaweka "zama za biashara", na jengo la shamba la mazao ya kibiashara likapewa jina lenye adabu zaidi. Walowezi wakaendelea kuvuna humo mchana na usiku bila mshahara. Mwaka 2019 kampuni ya GMT ya Marekani ilikuwa imeufuta kabisa mchezo wa mezani juu ya kugombania Afrika baada ya watu kupinga. Huo angalau ulikuwa uamuzi unaoeleweka.

Najua pingamizi: ni mchezo tu, na michezo yote ni kushindana. Kweli. Kwa hiyo tuweke mchezo mwingine mezani, unaochezwa chini ya miembe kuanzia Lamu hadi Karonga. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ni mchezo wa mkakati usio na huruma. Anayeliwa analiwa mbele ya watu, na watazamaji hawamwachi asahau. Lakini angalia kanuni yake. Wote wawili wanaanza na kete sawa. Hakuna ukungu, kila shimo liko wazi. Hakuna kete ya kishenzi. Na kete ukiila huitupi nje: unaipanda upande wako, iendelee kuzunguka. Zilizoanza 64 ndizo zinazomaliza 64. Mtu anaweza kushinda bao maisha yake yote bila kuangamiza chochote isipokuwa heshima ya shemeji yake.

Bao halimfanyi mtu mwema. Nimeona wachezaji wa bao walioshindwa kulipa deni la chai. Lakini linathibitisha kwamba akili ya mkakati haihitaji nchi tupu wala watu wa kufuta. Kanuni hizo ziliwekwa na watu waliorithi hadithi ya aina moja, wakaiona kuwa ndiyo maumbile ya dunia.

Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana wanaosomea kompyuta Mbeya, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, ambao nasikia wana hamu ya kutengeneza gemu la Kiafrika. Msianze na ngozi ya chui na ngao. Hizo kampuni kubwa zitawauzia zenyewe. Anzeni na swali la nini kihesabiwe. Jaribuni mchezo ambao mshindi ni yule ambaye rika lake bado linakula pamoja baada ya miaka hamsini, au ambao zamu ya mwisho ni kuikabidhi nchi kwa wanao ikiwa nzima na wewe ukae kando. Ni vigumu kuutunga, na huenda usiuzike. Lakini utakuwa umetungwa.

Na kwa wazazi na wajomba: msimnyang'anye mtoto simu. Muulizeni tu wale watu wa kijiji wamekwenda wapi, na msiondoke kabla hajajibu. Wangu alinijibu siku ya tatu. Alisema labda wamevuka Songwe.